Handibreki ya batani iliyokuwa inakataa tu gari ikijaa

Hii gari ililetwa kwangu Jumatatu asubuhi na madam mmoja anafundisha hapa Kisumu. Ni gari ya familia ya viti saba, eksi-Japani, otomatiki, na handibreki yake si ile ya kuvuta na mkono, ni batani ndogo hapo katikati ya viti vya mbele, unaiinua inashika, unaibonyeza ukiwa umekanyaga breki inaachia. Akaniambia kuna siku anainua batani anasikia mota ya nyuma ikilia upande mmoja tu, kwa dashibodi inawaka taa ya manjano na maandishi ya Kijapani yenye hakuna mtu nyumbani kwake anaweza kuyasoma, na ile taa nyekundu ya handibreki badala ya kutulia inabaki ikiwaka na kuzima. Akirudia mara ya pili ama ya tatu inashika, taa zinapotea, na anaweza maliza hata wiki mbili hajaziona tena.

Kilichomleta kwangu ni siku moja walienda matanga kwa mama mkwe wake Maragoli, na wenye wanajua kule wanajua boma nyingi ziko kwa mteremko, mawe makubwa kila mahali, sehemu tambarare ya kupaki ni ya kutafuta. Aliinua batani, akaweka gia kwa P, ile ya kupaki, akatoa mguu kwa breki, gari ikarudi nyuma kidogo halafu ikajipiga ikasimama, na watoto watatu walikuwa bado wamekaa ndani. Kutoka siku hiyo anabeba jiwe kwa buti. Mtoto wake mkubwa ndiye anashuka kwanza, anaweka jiwe nyuma ya tairi, ndio wengine washuke. Aliponieleza hiyo nilimuuliza kwa nini hajaacha kuiendesha, akasema hana ingine, na kazi na shule haziwezi kungoja.

Niseme kidogo juu ya ile kujipiga, kwa sababu watu wengi wanafikiria P inatosha. P haishiki tairi. Ni kijino cha chuma ndani ya gia boksi kinaingia kwa meno ya gurudumu fulani na kuzuia shafti isizunguke, na kabla kiingie sawasawa gari inaweza songa kidogo. Ukiachia uzito wote wa gari iliyojaa kwa hicho kijino kila siku kwa mlima unakiumiza, na siku kikikataa huna kitu kingine. Kwa hivyo handibreki ikiwa inashika upande mmoja hiyo si shida ndogo ya taa tu.

Alikuwa amepitia garage mbili kabla yangu. Ya kwanza walimwambia betri ndio imechoka, akanunua mpya. Ya pili wakasema ni batani, wakamtafutia ya kutoka gari iliyokatwa akalipa elfu 9, taa ikapotea siku kumi akafurahi, ikarudi. Hapo ndio wakamwambia sasa ni kaliper ya nyuma kushoto, kile kifaa kinachobana pedi za breki kwa diski, pamoja na mota yake, elfu 28, na alipe nusu kwanza. Akaniambia, "Fundi, mimi siogopi kulipa, naogopa kulipa tena halafu irudi vilevile." Hayo maneno yalinikaa, kwa sababu si ati hao mafundi walikuwa wanamwibia, faulti ya kuja na kuondoka ndivyo inafanya, unabadilisha kitu, inakaa kimya siku chache, unadhani umepata.

Kwa wale hawajawahi zifungua, iko hivi. Kuna aina mbili hasa. Moja iko na mota moja katikati inavuta kebo za kawaida za handibreki, na nyingine, kama hii, kila kaliper ya nyuma imefungiwa kamota kake kadogo na gia za kupunguza mwendo, kanazungusha skrubu ndani ya pistoni, skrubu inasukuma pedi kwa diski. Hakuna kebo ya chuma kabisa. Kuna kompyuta inatuma umeme kwa mota, na inajua pedi imebana kwa kuangalia tu ampea, mota ikianza inaruka juu mara moja, inashuka inapozunguka bure, halafu pedi ikigusa diski zinapanda mpaka zifike kiwango chenye kompyuta imepangiwa, inakata. Kuachia ni umeme uleule ukigeuzwa upande. Sasa kompyuta ikituma umeme na isione ampea, inajua hiyo njia iko wazi, yaani imekatika mahali, inawasha taa. Ukirudia na ionekane sawa, inazima taa lakini inaweka kumbukumbu. Kwa hivyo kupotea kwa taa hakumaanishi imepona.

Zimeanza zamani hizi, BMW 7 Series ya 2001 ilikuwa nayo, lakini huku kwetu zimekuwa za kawaida hivi majuzi tu kwa sababu tunaleta gari zisizozidi miaka 8, na sasa hata gari za bei ya kawaida za familia zinakuja nazo. Mafundi wengi tulijifunza kwa gari za kebo, kwa hivyo tunazikuta tu zikishafika.

Nilianza na betri hata kama ilikuwa mpya, maana hizi mota zinakula umeme mwingi kwa muda mfupi na kompyuta zake hazipendi volti za chini. Ikiwa imelala 12.5, wakati wa kuwasha haikushuka chini ya 10, injini ikinguruma 14.2. Sawa. Nikasafisha vichwa vya betri, nikaangalia fyuzi za handibreki zote, sawa.

Skana, ile mashine ya kusoma kompyuta za gari, hapa niseme kitu. Zile skana ndogo za bluututhi za kuunganisha na simu zinasoma injini, na nyingi hazifiki kwa kompyuta ya breki, ndio maana unaambiwa "gari haina kodi", yaani haina namba ya hitilafu, na taa inawaka mbele yako. Yangu inaingia sistimu zote. Nilipata kodi moja ya zamani iliyowekwa kumbukumbu, sakiti ya mota ya nyuma kushoto iko wazi. Kwa hivyo wale wa kaliper hawakuwa wamebuni, waliona hii kodi, lakini kodi inasema sakiti, haisemi mota. Sakiti ni mota, plagi yake, waya mbili kutoka hapo mpaka ndani ya gari, na kompyuta yenyewe.

Nikaweka gari kwa jeki na stendi, nikazungusha klampu ya ampea, ile ya kupima umeme bila kukata waya, kwa waya ya kushoto, nikamwambia kijana wangu ainue na kubonyeza batani. Kushoto na kulia zilikuwa karibu sawa kabisa, zinazunguka bure kwa ampea kama 4, zinabana zikifika kama 15. Mara ishirini na kitu, na nilikuwa nazipumzisha katikati kwa sababu ukizirudia haraka haraka kompyuta inaweza kukataa kwa muda ili mota zisipate joto, na hiyo mtu anaweza kuidhania ndio faulti. Hakuna kitu. Nikafungua plagi ya kushoto, pini safi, hakuna maji, hakuna kutu ya kijani. Nikapima waya na maltimita mwanzo hadi mwisho, 0.3 omu, na nyaya za maltimita yangu peke yake zikigusana zinasoma 0.2. Nikatingisha waya kwa mkono, hakuna.

Na hapo ndio nilikosea. Niliandika kwa kitabu changu "waya sawa". Waya haikuwa sawa. Maltimita ikipima omu inatuma umeme mdogo sana, hata ikibaki uzi mmoja wa shaba kati ya nyuzi zote itasoma vizuri tu, lakini mota inataka ampea 15 na uzi mmoja hauwezi kuzipitisha. Hiyo naijua, nimewahi kuwaambia vijana wangu, na bado siku hiyo nilisoma 0.3 nikaridhika. Tena nilikuwa nimepima gari ikiwa tupu na iko juu ya stendi, tairi zikining'inia, hali yenye madam hajawahi kuendesha nayo hata siku moja.

Sikumlipisha. Sikumwambia pia imepona. Nilimwambia ukweli kwamba kwangu imekataa kujionyesha na sitaki kununulisha mtu kaliper kwa kubahatisha, kwa hivyo anisaidie kitu kimoja, kila mara taa ikiwaka apige picha ya dashibodi na aniandikie kwa simu: saa ngapi, wapi, mvua ama jua, gari ina watu wangapi na mzigo gani. Na kwa mlima afanye hivi: akanyage breki ya mguu, aweke N (nyutro), ainue batani, aachie mguu polepole aone kama gari imeshikwa na handibreki yenyewe, halafu akanyage tena na aweke P. Jiwe aendelee nalo.

Baada ya wiki tatu alikuwa amenitumia mara sita. Picha ya kwanza niliweka kwa programu ya kutafsiri, ikasema handibreki ya umeme ina hitilafu, basi hapo hakukuwa na jipya. Lakini hizo ujumbe zingine nilizisoma usiku nikiwa nyumbani na nikazirudia. Mimi nilikuwa nimeamini ni maji, si unajua mvua zetu za jioni hapa Kisumu, nikatarajia zote ziwe siku za mvua. Mbili tu ndio zilikuwa na mvua. Asubuhi ziko, jioni ziko. Kwenye mlima ziko, kwenye parking ya supamaketi pia. Lakini tano kati ya sita, gari ilikuwa imejaa, familia yote pamoja na dada wa nyumbani, ama watoto wa majirani wa kupeleka shule. Ya sita alikuwa peke yake, na nikadhani hiyo inaharibu hesabu, mpaka nikampigia.

"Madam, ile Jumamosi ya Mamboleo ulikuwa umebeba kitu?"

"Hapana fundi, nilikuwa peke yangu." Halafu akanyamaza kidogo. "Nilikuwa nimetoka nyumbani Mbale, huko Maragoli, na mahindi ya mama. Gunia mbili."

Gunia mbili za kilo 90 zimelala nyuma kabisa, hizo ni kilo 180 juu ya ekseli ya nyuma, ni kama watu watatu wazima. Sikulala vizuri hiyo usiku kwa furaha, nasema ukweli.

Sasa kitu gani kwa handibreki kinajua gari imejaa? Batani haijui, betri haijui, kompyuta iko ndani ya bodi inakaa palepale. Mota yenyewe iko kwa kaliper, inapanda na kushuka pamoja na tairi. Kitu pekee kinachojikunja gari ikikaa chini ni ile waya inayotoka kwa bodi isiyosonga kwenda kwa tairi inayosonga.

Alirudisha gari Alhamisi. Hatukuweka jeki. Tulipakia magunia manne ya mchanga nyuma, vijana wangu wawili wakakaa kiti cha mwisho, nikapima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa mbawa ya gari kabla na baada, ilikuwa imeshuka kama sentimita 6. Kuinua batani mara ya kwanza, sawa. Ya pili sawa. Ya tatu mota ya kulia peke yake ikalia, taa ya manjano, maandishi ya Kijapani, klampu kushoto inasoma sifuri. Madam alikuwa amesimama mlangoni akaona na macho yake, akashika kichwa, si kwa huzuni, ni ile ya mtu aliyekuwa anaanza kudhani labda ni yeye hajui kutumia gari yake.

Hapo bado hujathibitisha ni waya, inaweza kuwa mota inashtuka kwa sababu zingine. Nikazima gari, nikatoa plagi ya mota na plagi ya upande wa kompyuta, ili waya zibaki peke yake bila kitu chochote. Mwanzo wa waya nikaweka umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 10, mwisho wake upande wa kaliper nikaunga balbu ya taa kubwa ya wati 55, hiyo inakula kama ampea 4 na nusu, ni mzigo wa kweli. Waya ya kwanza, balbu ikawaka nyeupe vizuri. Ya pili ikawaka nyekundu nyekundu hivi, volti kwa balbu hazifiki 4, na nikitoa balbu niache maltimita pekee inasoma 12 na kitu kama hakuna shida duniani. Nikawaambia vijana waruke kidogo huko nyuma, balbu ikawa inawaka na kufifia na wao. Mchanga ukitolewa, inarudi nyeupe.

Tulifuata ile waya kwa vidole. Kutoka kwa bodi inashuka ikifanya kitanzi, inakamatwa na klipu kwa mkono wa saspensheni, inaenda kwa kaliper. Ile klipu haikuwepo. Mtu fulani, nafikiri wakati wa kubadilisha shoki ama bushi, aliivunja, na badala yake akafunga na kebo tai, ule mkanda wa plastiki wa kufungia waya, akaikaza, na akaifunga mahali si pake, kile kitanzi kikapotea. Gari ikiwa tupu waya inakaa vizuri. Ikishuka, waya inajikunja kwa pembe kali palepale kwenye kebo tai. Gari ikiwa kwa jeki inalala upande ule mwingine na zile ncha zilizokatika zinagusana, ndio maana mimi nilipima na nikaona sawa. Ganda la nje halikuwa na hata mkwaruzo. Nilipolipasua na wembe, ndani shaba ilikuwa ya kijani na nyuzi zimekatika, zinagusana tu kwa ncha. Waya za sensa ya ABS, ile sistimu ya kuzuia tairi zisijifunge ukifunga breki, zinapita kwa ganda hilohilo lakini zilikuwa nzima, kwa hivyo taa ya ABS haikuwahi kuwaka kutuelekeza huku.

Kuitengeneza, kusokota na kufunga selotepu nyeusi hapo hapo kungeshika pengine mwezi. Pia sikutaka kuchoma na risasi, ile ya kuyeyusha ya kuunga waya, kwa sehemu inayojikunja, kwa sababu risasi inafanya waya iwe ngumu na itakatika tena pembeni tu ya ile risasi. Nilikata sehemu yote mbovu mpaka shaba ing'ae, nikaweka waya mpya ya nyuzi nyembamba laini, unene uleule, na viungo nikavisogeza juu kwenye bodi mahali pasipojikunja na chini karibu na kaliper, visikae mkabala kwa waya zote mbili. Nikabana na viungio vya kubana kwa plaizi yake kamili, juu yake bomba la plastiki la kujikaza kwa joto, lile lenye gundi ndani lisiloingiza maji. Klipu nikatoa kwa gari iliyokatwa, mia tatu. Urefu wa kitanzi nilinakili upande wa kulia, na ilibidi nifikirie kwanza, kwa sababu kulia pia kulikuwa na kebo tai, tena mpya mpya, ila haikuwa imekazwa sana. Nikaikata. Balbu ikawaka nyeupe kule, lakini nilibadilisha klipu hata hivyo.

Pedi sikuzigusa, zilikuwa na nyama ya kutosha. Lakini nitaje kwa wale watakaozigusa, usisukume pistoni ya hizi kaliper na ji-klampu, kile chuma cha kubana chenye umbo la G, kabla skana haijaiweka kwa hali ya huduma ili ile skrubu irudi nyuma, utavunja gia za mota na hapo ndio kweli utanunua kaliper.

Nilifuta kodi, nikaifanya ijipange upya na skana, halafu mchanga ukarudi ndani na vijana pia. Mara thelathini, na kupumzika kila baada ya tano. Klampu inapanda mpaka 15 kila mara, kushoto na kulia. Balbu niliirudisha pia kabla ya kufunga plagi, gari imejaa na vijana wanaruka, haikufifia. Jioni tukaenda na madam mwenyewe akiendesha, magunia yakiwa ndani, tukapanda mlima wa Riat kutoka Mamboleo, pale penye inainama kweli tukatoka kando ya barabara penye nafasi, akaweka N, akainua batani, akaachia mguu. Gari haikusonga. Akakaa hivyo kama dakika nzima mikono juu ya stiaringi haongei.

Kazi yote pamoja na spea ilimkosti 4,500. Ile batani ya elfu 9 hakuihitaji, ya kwanza haikuwa na makosa, na bado iko kwa kidroo cha hiyo garage ingine kama hawajaiuza.

Amerudi mara mbili tangu hapo, sevisi na kubadilisha tairi, na kila mara naingiza skana kwa kompyuta ya breki kabla hata hajazima gari vizuri. Mvua ndefu zimepita hapo katikati, na safari za Mbale zimepita. Haina kodi. Klipu ziko, kitanzi kiko. Jiwe bado yuko nalo kwa buti, na sijamwambia alitoe.